Kumwandikia Mtu Aliye Mbali

Mtoto akirudi kutoka mtoni au sokoni huwa na maneno tele. Humsimulia mama yake aliyoyaona, akainua mikono, akaiga sauti za watu, hata chakula kikapoa. Lakini mtoto huyo huyo akiambiwa na mwalimu, "Andika habari za soko," huuma ncha ya kalamu, hutazama dari, na baada ya nusu saa ameandika mistari mitatu. Watu husema ni uvivu. Mimi sisadiki. Kusema na kuandika ni kazi mbili mbalimbali, na watoto wengi hawajaelezwa tofauti yake.

Unaposema, wasaidizi wako ni wengi. Mkono huonyesha ukubwa wa kitu, uso huonyesha hofu au furaha, na sauti hupanda na kushuka. Tena msikilizaji asipofahamu hukukatiza akakuuliza. Katika karatasi wasaidizi hao hawapo. Asomaye yuko mbali, wala hawezi kukuuliza neno. Hana ila yale uliyomwandikia.

Tuseme mtoto mmoja kwao ni Lushoto, na baba yake afanya kazi Tanga mjini. Ng'ombe ameugua, na mama amwambia mtoto aandike barua. Mtoto aandika salamu za mama, za babu, za shangazi, za majirani wote wa kulia na kushoto, hata karatasi yakaribia kwisha, ndipo aongezapo chini kabisa, "Tena ng'ombe ni mgonjwa sana. Tufanye nini?" Baba asomapo hushika kichwa. Ana ng'ombe watatu. Ni yupi? Anaumwa nini? Tangu lini? Kabla hajauliza na kujibiwa siku zitapita, na ugonjwa haungoji posta. Salamu si kosa. Barua isiyo na salamu ni kama mgeni aingiaye nyumbani bila kupiga hodi. Lakini hodi nayo haipigwi mpaka jua likachwa!

Kama angaliandika hivi: "Ng'ombe mweusi, yule mwenye pembe iliyovunjika, akohoa usiku kucha tangu mwezi ulipoandama. Ala kidogo, na mbavu zake zahesabika," baba angaliweza kujibu mara moja: mtengeni na wenzake, mkamwite bwana mifugo. Maneno hayo si magumu, wala si ya kitabuni. Mtoto aliyajua yote. Hakukumbuka tu kwamba baba hayajui. Na aandikaye kwa simu yampasa kukumbuka vile vile.

Basi kwanza jiulize, namwandikia nani, na yeye hajaona nini? Kisha nenda ukatazame. Neno hili la kutazama ndilo kubwa, nami nataka kulikalia kidogo. Wanafunzi wakiambiwa waandike habari za kuku, wengi huandika: "Kuku ni ndege wa kufugwa. Kuku ana miguu miwili. Kuku ana faida sana." Maneno hayo ni kweli, lakini aliyeyaandika hakuhitaji kumtazama kuku hata mmoja. Toka nje, uketi kivulini, umtazame kuku mwenye vifaranga kwa muda wa robo saa. Utaona kwamba anywapo maji huchota kidogo kwa mdomo, kisha huinua kichwa juu ili maji yateremke kooni. Utaona kwamba mwewe apitapo, kuku hageuzi uso wote juu kama wewe. Hukilaza kichwa upande, akamtazama kwa jicho moja. Hutoa mlio mmoja, na vifaranga vyote vyakimbilia chini ya mabawa yake. Ukiandika hayo, asomaye amwona kuku wako, nawe mwenyewe hutauma kalamu tena, kwa kuwa una la kusema. Furaha ya kuandika huanzia hapo.

Labda utasema, "Kwetu hakuna jambo la kuandikwa. Kila mtu ayajua mambo yetu." Alikuwako mtu wa Bagamoyo, jina lake Mtoro bin Mwinyi Bakari. Mwaka 1900 alikwenda Berlin kusaidia kazi ya kufundisha Kiswahili. Yeye na wenzake waliandika desturi za watu wa pwani: mtoto anavyozaliwa, anavyolelewa, ndoa inavyofungwa, ngoma zinavyochezwa. Kitabu kilipigwa chapa Ujerumani mwaka 1903. Jirani yake Bagamoyo angaliweza kumcheka, kwani nani asiyejua arusi? Lakini majirani wale wote wamekwisha kufa, na mengi waliyoyajua wamekwenda nayo. Leo mtu atakaye kujua maisha ya pwani ya zamani zile hufungua kitabu cha Mtoro.

Ukiisha kuandika, usimpelekee mwalimu mara hiyo. Isome kazi yako kwa sauti, maana sikio hukamata kosa ambalo jicho limeliruka. Utasikia "halafu" imerudi mara sita, au "sana" imetiwa kila mahali kama chumvi ya mpishi msahaulifu. Futa. Mwandishi stadi naye hufuta, wala karatasi yenye mikwaruzo si aibu. Hiyo ndiyo shamba lililolimwa. Kisha unakili kwa mwandiko safi.

Lakini kabla ya kunakili, mwite ndugu yako mdogo au bibi yako, umsomee. Usieleze lolote nje ya yaliyoandikwa. Funga mikono nyuma ikiwa ina desturi ya kusema. Bibi akikukatiza, "Ulikuwa wapi ulipoyaona hayo?" usimjibu kwa kinywa. Shika kalamu, ulitie jibu lake katika mstari ule ule alipouliza, kisha uendelee kusoma.