Kabla ya Kumwita Fundi wa Maji

Watu wengi hufurahi sana siku robine inapofika nyumbani kwao. Wanasema: Sasa magonjwa ya tumbo yamekwisha. Lakini robine haisafishi maji. Maji yakipita pachafu, yatatoka machafu, hata kama robine inang'aa.

Baba mmoja wa Bukavu alileta watoto wake 2 hospitali. Walikuwa wanahara. Tukawapa maji yenye chumvi na sukari, wakapona. Baada ya wiki 3 wakarudi. Tukawatunza tena. Walipokuja mara ya tatu, macho ya mtoto mdogo yalikuwa yameingia ndani, na ngozi ya tumbo lake, ukiivuta, haikurudi upesi. Hapo nilitambua kosa langu. Mara 2 nilikuwa nimeuliza habari za tumbo, sikuuliza habari za maji.

Nikamwuliza: "Baba, mnakunywa maji gani?"

Akajibu: "Munganga, sisi tuko na robine."

"Bomba linapita wapi?"

Hakujua. Tulikwenda, tukachimba, tukaona. Fundi alikuwa ameweka bomba la maji safi katika mtaro mmoja na bomba la choo. Kiungo alikifunga kwa kipande cha mpira wa baisikeli. Baba yule alimchagua kwa sababu bei yake ilikuwa ndogo. Mtoto alipona, lakini alikuwa karibu kufa.

Uchafu unaingiaje ndani ya bomba?

Maji yanapokuja kwa nguvu, hutoka nje kwa kila tundu. Lakini katika miji yetu maji hukatika mara nyingi. Yakikatika, bomba linaweza kuvuta vitu ndani, kama mtoto anavyovuta kinywaji kwa mrija. Kama kando ya tundu kuna maji ya choo, linavuta maji ya choo. Maji yakirudi, uchafu huo unakuja mpaka kwenye kikombe. Basi siku maji yanaporudi, acha ya kwanza yamwagike, na yale ya kunywa uyachemshe.

Jambo hili si la kwetu tu. Mwaka 1854, katika mtaa wa Broad Street mjini London, zaidi ya watu 600 walikufa kwa kolera. Daktari John Snow alionyesha kwamba wagonjwa walikunywa maji ya pampu moja. Kisha mchungaji Henry Whitehead alipita nyumba kwa nyumba akiuliza. Alipata habari ya mtoto mchanga aliyehara, na maji yaliyofulia nguo zake yalimwagwa katika shimo la nyumba. Walipochimba waliona matofali ya shimo yamelegea, na kisima kiko karibu, hata metre 1 haikufika. Matofali yaliyolegea yaliua mtaa mzima.

Basi, kabla ya kumpa fundi kazi, angalia mambo haya:

1. Tazama kazi yake ya zamani. Usitazame ile ya jana, kwa maana kila kazi mpya ni nzuri. Nenda kwa nyumba aliyofanyia miaka 2 iliyopita. Uliza mama wa nyumba, kwa sababu yeye ndiye anayechota kila siku: Viungo vinavuja? Mvua ikinyesha, maji yana harufu?

2. Sikiliza ulizo lake la kwanza. Fundi mwema huuliza: Choo kiko wapi? Maji machafu yanakwenda wapi? Yule anayeuliza feza tu, umwache. Tembea naye katika kiwanja chote. Bomba la maji safi liwe mbali na bomba la choo, metre 3 kama nafasi iko. Kama lazima yapishane, la maji safi lipite juu. Kisima kiwe mbali na shimo la choo metre 30, na upande wa juu wa mteremko.

3. Uliza habari za vyombo. Bomba la risasi halifai, kwa maana risasi huharibu akili ya watoto. Bomba au pipa lililobeba petroli au dawa ya wadudu halifai hata ukiliosha.

4. Andikeni mapatano. Karatasi ionyeshe vyombo, bei, na siku ya kumaliza. Usilipe feza yote mara moja. Sehemu ya mwisho ibaki mpaka kazi ipimwe.

5. Usikubali mtaro ufunikwe kabla ya kupimwa. Hili ni kubwa kuliko yote. Funga robine zote, maji yajae ndani ya bomba, ukaache mtaro wazi mpaka kesho yake. Kisha pitia kila kiungo kwa mkono mkavu. Kama uko na saa ya maji, tazama: robine zote zikifungwa, sindano isisogee hata kidogo. Fundi akikataa kupimwa, anajua sababu.

Mtu atasema: Fundi mwema ana bei kubwa. Ni kweli. Lakini yule baba wa Bukavu alilipa mara ya kwanza fundi, mara ya pili dawa, mara ya tatu fundi mwingine wa kufukua yote. Na kama mtoto angalikufa, angalilipa nini?

Maulizo ya kujibu nyumbani:

Bomba lenu linapita wapi? Ni nani nyumbani aliyeona mtaro kabla haujafunikwa? Choo chenu kiko mbali hatua ngapi na maji?

Ukishindwa kujibu hata moja, usingoje mpaka mtoto ahare. Chemsha maji leo, kesho uende ukaangalie.