Jina la Chuo na Uzito wa Shahada

Si mara moja tumesikia mgeni akitambulishwa mkutanoni kwa maneno haya: "Huyu bwana amesoma Harvard," au "Bibi huyu ametoka Oxford," na papo hapo waliohudhuria wakakaa vizuri vitini. Hakuna anayeuliza amesoma nini, wala kwa shahada ipi. Sisi tunaona swali hilo lastahili kuulizwa, hasa na waliokabidhiwa dhamana ya kuajiri na kugawa nafasi za masomo. Kwani shahada ya kwanza na ile ya udaktari, hata zikitoka chuo kimoja, hazipati heshima zake kwa njia moja.

Heshima ya shahada ya kwanza katika vyuo hivyo mashuhuri imo zaidi mlangoni. Mwaka 2024 vijana zaidi ya 54,000 waliomba kuingia Harvard kwa shahada hiyo, na waliokubaliwa hawakutimia 2,000. Aliyepenya tundu hilo la sindano amekwisha kuhesabiwa mteule kabla hajafungua kitabu. Kisha hukaa miaka minne akila meza moja na watoto wa matajiri na wakubwa, na urafiki huo ndio utakaomfungulia baadaye milango ya mabenki na ya ofisi za mawakili.

Mwombaji wa udaktari hapiti mlango huo. Yeye huomba kwa idara, na wanaomchagua ni maprofesa wa idara yenyewe, wanaotafuta mtu wa kufaa katika utafiti wao. Katika vyuo vikubwa vya Marekani mara nyingi husamehewa ada na kulipwa posho, naye husaidia kufundisha. Mjini hana jina. Lakini ndani ya nyumba ya wasomi mambo hugeuka: huko huulizwa ni nani aliyemsimamia, na ameandika nini. Idara iliyo bora katika somo fulani yaweza kuwa katika chuo ambacho hapa Unguja na Pemba hakivumi kabisa. Aliyetaka kubobea katika historia ya Afrika, kwa mfano, alikuwa na sababu njema ya kwenda Wisconsin, alikofundisha Jan Vansina tangu mwaka 1960, hata kama majirani zake hawakupata kukisikia chuo hicho.

Hatusemi kwamba jina si kitu. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2022 katika jarida la Nature ulionyesha kuwa asilimia 80 ya walimu wa vyuo vikuu vya Marekani vinavyotoa udaktari, miongoni mwa wale waliosomea nchini humo, walitoka katika takriban asilimia 20 tu ya vyuo. Wasomi nao wana upendeleo wao.

Kwa Waingereza mambo yalikuwa mengine kabisa. Yale, huko Marekani, ilitoa udaktari wa falsafa mwaka 1861. Oxford ilingoja hadi 1917. Kwa miaka mingi baadaye walimu wengi wa Oxford na Cambridge hawakuwa na udaktari, wala hawakuona haya, maana shahada ya kwanza ya daraja la juu ilitosha. Hata leo mhitimu wa shahada ya kwanza ya vyuo hivyo viwili aweza kupewa M.A. baada ya miaka kadhaa bila darasa wala mtihani. Huko Scotland, M.A. ndiyo shahada yenyewe ya kwanza. Ndiyo aliyoipata Mwalimu Nyerere Edinburgh mwaka 1952. Afisa anayehesabu herufi tu atawapanga watu hawa vibaya.

Hapa visiwani mfano tunao. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja aliyetunukiwa Nobel ya Fasihi mwaka 2021, alipata udaktari wake mwaka 1982 katika Chuo Kikuu cha Kent, kilichofunguliwa mwaka 1965 tu, kwa tasnifu juu ya vigezo vya kuhakiki hadithi za Afrika ya Magharibi. Tunajiuliza: lau faili lake lingefika mwaka ule mbele ya kamati yetu ya ajira, lingewekwa juu au chini ya faili la kijana mwenye shahada ya kwanza ya Oxford?

Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania huzitambua shahada za nje, na hiyo ni kazi kubwa. Lakini utambuzi huo hauwezi kuisoma tasnifu kwa niaba ya mwajiri. Mwani umelimwa kibiashara katika fukwe zetu tangu mwaka 1989, na wakulima wake wengi ni akina mama; joto la bahari limekuwa likiwaharibia mavuno. Atakayepelekwa kusomea udaktari kwa ajili ya balaa hilo na apelekwe kwenye idara inayoujua mwani, hata ikiwa jina la chuo halitamshtua mtu barazani. Na fomu za maombi ya kazi, pale panapoandikwa jina la chuo, ziongezewe mistari miwili: tasnifu inahusu nini, na nani aliyeisimamia. Tasnifu nyingi siku hizi hupatikana katika maktaba za vyuo kwa njia ya intaneti. Asubuhi moja yamtosha afisa kuzipitia kurasa za mwanzo kabla ya kumwita mwombaji kwenye usaili.