Vishada vya Dhahabu kama Vipimajoto vya Seli Hai: Nafasi ya Muda katika Kusoma Mwanga

Utangulizi

Makala haya yanafafanua namna vishada vya dhahabu vyenye kipenyo kisichozidi nanometa 2 vinavyotumika kupima halijoto ndani ya seli hai. Hoja yake kuu ni kwamba thamani ya kichunguzi cha aina hii haitokani na ukali wa mwanga wake pekee, bali hasa na muda ambao mwanga huo hudumu.

Chanzo cha mng'ao

Fluoresensi ni tabia ya kitu kufyonza mwanga na kisha kutoa mwanga mwingine, aghalabu wenye urefu mkubwa zaidi wa wimbi. Mnamo mwaka 1969, A. Mooradian alionesha kuwa dhahabu ya kawaida huweza kutoa mwanga wa namna hiyo, ila hafifu mno. Hali hubadilika dhahabu inapobaki kishada cha atomi chache. Katika kipande kikubwa, viwango vya nishati vya elektroni vimebanana mithili ya mteremko usio na ngazi. Katika kishada, viwango hivyo hutengana kama vidato. Elektroni iliyopandishwa na leza hulazimika kuruka pengo inaposhuka, na nishati inayoachwa huweza kutoka kama mwanga.

Mwaka 2009, Jianping Xie, Yuangang Zheng na Jackie Ying, wakiwa Singapore, walieleza njia nyepesi ya kuandaa vishada hivyo kwa kutumia albumini ya damu ya ng'ombe katika nyuzi 37 za Selsiasi. Protini hiyo hunasa ayoni za dhahabu, huzigeuza kuwa atomi, kisha huvifunika vishada vinavyoundwa. Vishada hivyo, vyenye takribani atomi 25, hutoa mwanga mwekundu. Aidha, havina kadimiamu, metali yenye sumu iliyomo katika baadhi ya chembe nyingine zinazong'aa.

Kwa nini muda

Mwaka 2013, Li Shang, G. Ulrich Nienhaus na wenzao wa Karlsruhe, Ujerumani, walitumia vishada vya dhahabu kupima halijoto katika seli za HeLa. Walionesha kuwa ukali wa mng'ao na umri wake, yaani wastani wa muda ambao elektroni hukaa juu kabla ya kushuka, vyote hutegemea halijoto. Joto linapoongezeka, elektroni hupata njia nyingi zaidi za kupoteza nishati bila kutoa mwanga. Hivyo mng'ao hufifia na umri wake hupungua.

Hata hivyo, vipimo hivyo viwili havilingani kwa kuaminika. Mtu anayetazama mji usiku kutoka mbali hawezi kujua kama mtaa unaong'aa sana una taa nyingi au una taa kali. Vivyo hivyo, sehemu ya seli inayoonekana hafifu chini ya hadubini huenda ina joto zaidi, au ina vishada vichache tu. Umri wa mng'ao hautegemei idadi ya vishada. Zaidi ya hayo, mwanga wa asili wa seli huzimika katika nanosekunde chache, ilhali ule wa vishada hivyo hudumu mamia ya nanosekunde. Kifaa kinachosubiri kidogo baada ya leza kuwaka hupokea karibu mwanga wa vishada pekee.

Mipaka ya kipimo

Pamoja na ubora huo, umri wa mng'ao unaweza pia kuathiriwa na asidi, oksijeni na protini zinazokizunguka kishada. Vishada vingi humezwa na seli na kuishia katika lisosomu, ambamo asidi ni kali kuliko katika saitoplazimu. Uzito wa suala hili ulidhihirika nje ya utafiti wa dhahabu. Mwaka 2012, Kohki Okabe na wenzake nchini Japani, wakitumia polima inayong'aa, waliripoti kuwa kiini cha seli kina joto zaidi ya saitoplazimu kwa takribani digrii 1. Mwaka 2014, Guillaume Baffou na wenzake nchini Ufaransa walikokotoa kuwa joto linalozalishwa na seli moja ni dogo mno kuweza kuleta tofauti kama hiyo. Pengo kati ya hesabu na vipimo lilikuwa la takribani mara laki moja. Ama seli ina tabia ya joto isiyoeleweka bado, ama vichunguzi husoma jambo jingine pamoja na halijoto.

Hitimisho

Kwa hiyo, kishada cha dhahabu hakipaswi kusawazishwa katika maji pekee. Kinapaswa kusawazishwa ndani ya seli yenyewe, kijaribiwe katika viwango tofauti vya asidi huku halijoto ikiwa ileile, na matokeo yake yalinganishwe na ya kichunguzi cha aina nyingine. Bila hatua hizo, kinachopatikana ni kipimo cha mwanga, ambacho bado hakijathibitishwa kuwa kipimo cha joto.