SHOKI ZA PIKIPIKI ZIKIVUJA OILI

Vikundi vingi tunavyotembelea vina pikipiki moja ya zamani, iwe ni Yamaha DT 125, AG 100 au Honda CG 125. Hiyo ndiyo hupeleka maziwa, hubeba mbolea, na usiku hukimbiza mama mjamzito zahanati. Shoki za mbele zikianza kuvuja watu husema, "Si injini, wacha itembee tu." Hapo tunakataa. Ile oili huteremka chini, na chini ndiko breki iliko. Breki ya mbele ndiyo hufanya kazi kubwa ya kusimamisha pikipiki, na ikiloa oili haishiki, hasa mnapoteremka mlima na mzigo.

Kwanza tuelewe kitu chenyewe. Kila shoki ina bomba la ndani linalong'aa kwa kromu, nalo hupanda na kushuka ndani ya mguu wa nje wa aluminiamu. Ndani mna springi na oili. Oili huizuia springi isiruke-ruke. Pale mdomoni pana pete ya mpira inayofuta bomba na kuzuia oili isitoke. Hiyo ndiyo sili, na juu yake kuna kofia ya mpira ya kuzuia vumbi.

Sisi wenyewe tulijifunza kwa gharama. Pikipiki tuliyokuwa tukitumia iliwekwa sili mpya na fundi mmoja, tukalipa. Baada ya wiki mbili, inavuja. Akaweka zingine, zikavuja vile vile. Kumbe sili hazikuwa na makosa! Bomba lilikuwa na kutu iliyochimba vishimo vidogo, na kila lilipopanda na kushuka vilikuwa vikikata mdomo wa sili kama msumeno. Kwa hivyo kabla ya kununua chochote, angalieni bomba.

Futeni bomba kwa kitambaa safi, shikeni breki ya mbele, mkandamize usukani chini mara kumi hivi. Likibaki duara la oili kwenye bomba, sili inavuja. Halafu pitisheni ukucha juu ya bomba, pole pole, pande zote. Ukucha ukikwama, hapo pana kishimo au mkwaruzo. Kikiwa juu sana mahali ambapo sili haifiki, si kitu. Kikiwa katika njia ya sili, sugueni kingo zake kwa msasa laini wa maji, namba 1000 au 1200, mpaka ukucha upite. Shimo lenye kina hujazwa gundi ngumu ya kuchanganya, kama Araldite, ikikauka kabisa husuguliwa ilingane na bomba. Bomba lililopinda au lililoliwa na kutu kila mahali halina dawa, litafutwe lingine.

Kuna wakati hata sili si mbovu, ni matope tu yameingia chini ya mdomo wake. Inueni kofia ya vumbi, kateni kipande chembamba cha filamu ya eksirei ya zamani, kiingizeni kati ya bomba na sili, mkizungushe na kutoa uchafu. Uvujaji ukikoma, mmeokoa pesa za kikundi.

Usipokoma, nunueni sili mbili, hata kama ni upande mmoja unaovuja. Chukueni ile ya zamani mwende nayo dukani, au msome namba zake. Ikiandikwa 30, 40.5, 10.5, maana yake ni milimita: upana wa bomba, upana wa nje, na unene.

Kazi yenyewe inataka watu wawili. Wekeni sanduku imara chini ya injini, gurudumu la mbele liwe hewani, na pikipiki isiyumbe. Kabla ya kuchomoa shoki fanyeni mambo mawili ambayo wengi husahau. Legezeni nati inayobana bomba juu, kisha mlegeze kifuniko cha juu cha shoki, lakini msikitoe. Halafu legezeni ile bolti iliyo chini kabisa ya mguu, wakati springi bado inasukuma ndani. Mkingoja, kitu cha ndani kitazunguka pamoja na bolti na mtashinda hapo mpaka jioni.

Sasa toeni gurudumu, madigadi na shoki. Breki ya diski ifungwe kwa kamba, isining'inie kwa mpira wake. Mkifungua kifuniko cha juu, kikandamizeni kwa mkono na uso uwe mbali, kwa sababu springi hukirusha. Mwageni oili yote ndani ya mkebe, si karibu na kisima. Toeni bolti ya chini, mchomoe bomba. Ondoeni kofia ya vumbi na klipu ya waya, ndipo mnyanyue sili kwa bisibisi bapa iliyoegemezwa juu ya kipande cha mbao. Aluminiamu ni laini. Mkiikwaruza, sili mpya itavuja kwa nje.

Osheni kila kitu kwa mafuta ya taa, kikauke. Rudisheni bomba, mkaze bolti ya chini. Washa yake ya shaba, kama hamna mpya, ichomeni motoni iwe nyekundu, ipoe, itakuwa laini tena. Vikeni ncha ya bomba karatasi ya nailoni, pakeni sili oili, mtelezeshe chini. Upande wenye kaspringi kadogo uangalie oili, wenye namba uangalie juu. Wekeni ile sili ya zamani juu yake na mgonge kwa kipande cha bomba kinachoenea, kidogo kidogo, kuzunguka, mpaka mfereji wa klipu uonekane.

Oili ni ile ya shoki, namba 10 kwa pikipiki nyingi. Oili chafu ya injini hapana, jamani. Kiasi kimeandikwa kwenye kitabu cha pikipiki. Msipime kwa ile iliyotoka, maana nyingine ilishamwagika njiani. Bomba la sindano ya ng'ombe, likiwa safi, linapima vizuri sana. Pande zote mbili ziwe sawa, na msizidishe, kwani oili nyingi husukuma sili itoke.

Mkisharudisha gurudumu, kandamizeni shoki mara kadhaa ndipo mkaze nati za mwisho. Breki shu au padi zilizoloa oili zibadilishwe. Kuzichoma moto au kuzianika juani hakusaidii. Diski au ngoma ya breki ioshwe kwa maji moto na sabuni. Halafu mtu aisukume pikipiki kwa miguu akijaribu breki kabla ya yeyote kuipanda.

Wengine huvalisha bomba kipande cha tyubu ya baiskeli kuzuia matope. Ni vizuri, lakini kivueni kila wiki mkaushe, kwa sababu maji yakinaswa mle ndani kutu inarudi.