Cheti cha ukaguzi si hirizi ya kuzuia ajali

Nina jambo la kukiri leo mbele ya walimu wenzangu na wanafunzi wasomao ukurasa huu. Miaka kadhaa iliyopita nilishiriki katika udanganyifu wa mtihani. Haukuwa mtihani wa Hisabati wala wa Kiswahili. Ulikuwa mtihani wa gari.

Shule niliyofundisha wakati huo ilikuwa na gari dogo la abiria 14, la aina ile ile inayotumiwa na matatu zetu. Lilikuwa limetengenezwa Japani, likabeba mizigo huko kwa miaka kadhaa, kisha likaletwa hapa nchini na kufungwa viti. Shule ilipolinunua lilikuwa tayari limezeeka, na kufikia siku ninayoisimulia lilikuwa limetimiza mwaka wake wa kumi na tisa. Mimi nilikuwa katibu wa kamati ya uchukuzi, cheo ambacho hakikuwa na malipo ila lawama.

Siku mbili kabla ya ukaguzi wa mwaka, dereva wetu alinijia ofisini. Alikuwa mzee mpole aliyeheshimiwa na kila mtu. Aliniambia, "Mwalimu, matairi mawili ya nyuma ni kipara kabisa. Hayawezi kupita." Nilikwenda kwa mwalimu mkuu, naye akanieleza kwamba karo nyingi hazijalipwa na hakuna fedha. Jioni ya siku hiyo mjumbe mmoja wa kamati akapata suluhisho: jirani mwenye gari kama letu angetuazima matairi yake mapya kwa siku moja. Sikupinga. Niliandika hata barua ya kumshukuru.

Asubuhi ya ukaguzi gari lilioshwa likametameta. Balbu za taa za breki zilibadilishwa. Mkaguzi aliyatazama matairi, akawasha taa zote, akatikisa usukani, akaingia chini ya gari na tochi, kisha magurudumu yakawekwa juu ya mashine ya kupimia breki. Tulipita. Saa kumi na moja jioni matairi yalirudishwa kwa mwenyewe, nacho cheti kikabandikwa kiooni.

Wiki saba baadaye gari hilo lilibeba wanafunzi 11 na walimu wawili, nami nikiwa mmoja wao, kwenda Olkaria kutazama mitambo ya umeme wa mvuke. Yeyote aliyewahi kuteremka kutoka Limuru kuelekea Mai Mahiu anaijua barabara ile: mteremko mrefu, malori yanayojikokota, na upande wa kushoto bonde lenye kina cha kutisha. Tulikuwa nyuma ya lori, na mzee wetu akawa anakanyaga breki mfululizo. Ghafla nilimsikia akisema kwa sauti ndogo, "Mwalimu, breki imezama." Hakupiga kelele. Aliingiza gia ya pili, kisha ya kwanza, injini ikalia kama mnyama, akavuta hendibreki pole pole hadi gari likasimama kando ya barabara, hatua chache kutoka ukingo wa bonde. Mtoto mmoja aliuliza kama tumefika.

Hapana aliyeumia. Lakini nilipoteremka, miguu yangu haikuweza kunibeba, nikaketi chini juu ya changarawe. Macho yangu yaliangukia lile gurudumu la nyuma, kipara kama kichwa changu, na juu yake kioo chenye cheti kipya.

Baada ya muda wa saa moja hivi likatokea jambo lililonifundisha zaidi ya ajali yenyewe. Dereva alikanyaga breki tena, nayo ikawa ngumu na imara, kana kwamba hapakuwa na lolote. Fundi alitueleza sababu siku iliyofuata. Breki za gari dogo huendeshwa na majimaji maalum yaliyomo ndani ya mirija. Majimaji hayo yana tabia ya kufyonza unyevu wa hewa kadiri miaka inavyopita, na yakishachanganyika na maji huchemka upesi zaidi. Breki zikipata moto katika mteremko mrefu, majimaji hayo hutokota na kuwa mvuke. Mvuke hushindilika, majimaji hayashindiliki. Basi dereva hukanyaga hewa tupu. Breki zikipoa, mvuke hurudi kuwa majimaji, na dalili yote hupotea. Majimaji ya gari letu hayakuwa yamebadilishwa tangu shule ilinunue. Wanafunzi waliokuwa wakienda kujifunza nguvu za mvuke walifunzwa somo hilo njiani.

Sasa najiuliza swali ambalo nataka msomaji alitafakari. Je, mkaguzi alikosea? Kuhusu matairi, aliona matairi mazuri kwa sababu tulimwonyesha matairi mazuri. Kuhusu breki, mashine ilizipima zikiwa baridi, kwa dakika chache, nazo zilishika. Lau gari lingepelekwa kupimwa kesho yake lingepita tena. Ukaguzi haukusema uongo. Ulijibu swali ulilouliza: gari hili lina hali gani saa hii, mahali hapa? Sisi ndio tuliokichukua cheti cha saa moja tukakifanya ahadi ya mwaka mzima.

Walimu tunalijua jambo hili vyema. Tunamjua mwanafunzi anayekesha usiku mmoja akimeza madaftari, akapata alama nzuri, na baada ya mwezi hakumbuki lolote. Tunamjua pia yule anayeingia na majibu ya mwenzake mfukoni. Kuazima matairi ni kuingia chumba cha mtihani na majibu ya mwenzio. Tofauti ni kwamba mwanafunzi hujidanganya mwenyewe, nasi tulikuwa tumewapakia watoto wa watu.

Gari kuukuu la aina hii lina magonjwa yake yanayojulikana, na yafaa tuyagawe katika mafungu mawili. Fungu la kwanza ni yale yanayoonekana: taa zilizoungua, indiketa zisizowaka, wipa zilizochakaa, kioo cha mbele chenye ufa, matairi yaliyoisha, mikanda ya usalama iliyokatika. Haya humfanya mkaguzi alikatae gari, na karibu yote yanaweza kugunduliwa na mwanafunzi wa darasa la sita akizunguka gari kwa dakika tano. Fungu la pili ni yale yaliyojificha: majimaji ya breki yaliyozeeka, mirija ya breki iliyoliwa na kutu, viungo vya usukani vilivyolegea, springi zilizochoka kwa kubebeshwa kupita kiasi, na kutu iliyokula sakafu mahali ambapo viti vimefungwa. Hili la viti halizungumzwi sana. Gari lililozaliwa la mizigo na kufungiwa viti baadaye hutegemea ustadi wa fundi aliyechomelea vyuma hivyo. Mkanda wa usalama uliofungwa kwenye kiti kinachong'oka hauna faida yoyote.

Magonjwa ya fungu la kwanza hutibiwa kwa shilingi chache usiku wa kuamkia ukaguzi. Ya fungu la pili hudai fedha na muda, na ndiyo yanayoua. Kwa hivyo mwenye gari anayejiandaa kwa ukaguzi tu huishia kutibu yale madogo na kuyaacha makubwa.

Nchi yetu haikosi sheria. Magari ya abiria hutakiwa na Sheria ya Trafiki kukaguliwa, na tangu mwaka wa 2012 tunayo Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama na Uchukuzi. Mwaka wa 2017 sheria iliagiza magari ya kubeba wanafunzi yapakwe rangi ya manjano. Walio na umri wanakumbuka Februari 2004, kanuni za aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi, marehemu John Michuki, zilipoanza kutekelezwa. Matatu zilitoweka barabarani zikingojea kufungwa vidhibiti mwendo na mikanda, watu wakatembea kwa miguu kwenda kazini, na wengi wetu tulishangilia. Lakini nimeketi baadaye katika matatu ambamo mkanda ulikuwa kipande cha utepe kisicho na kifungo, na utingo akatuamuru tuushike kwa mkono tukaribiapo askari. Utiifu wa siku moja, tena.

Wenzetu wa Uingereza walianza kukagua magari mwaka wa 1960, wakianza na yale yaliyotimiza miaka 10. Leo magari mengi huko hukaguliwa yakifika miaka 3, kisha kila mwaka. Nao pia makosa yao makuu ni yale yale: taa, springi na viungo vyake, breki na matairi. Nao pia huonywa kwamba ukaguzi hauhusu hali ya injini, klachi wala gia. Lakini wana jambo moja ambalo nalitamani. Mtu yeyote mwenye nambari ya gari anaweza kusoma historia yake ya ukaguzi: lilipita lini, lilianguka lini, na kwa kosa gani. Mkaguzi huandika hata yale ambayo hayajafikia kiwango cha kuliangusha gari lakini yanahitaji kuangaliwa. Mzazi akiona gari limeonywa kuhusu kutu miaka mitatu mfululizo, atajua la kuuliza.

Napendekeza mambo matatu, na hakuna hata moja linalohitaji sheria mpya. Kwanza, kila shule yenye gari iwe na daftari la gari, kama ilivyo na daftari la mahudhurio. Humo iandikwe tarehe ya kubadilisha majimaji ya breki, pedi na matairi, na makosa yote aliyoyataja mkaguzi, hata madogo. Daftari hilo lisomwe katika mkutano wa wazazi pamoja na hesabu za fedha. Pili, bajeti ya matengenezo itengwe mwanzoni mwa mwaka na isiguswe, kwani usipoziba ufa utajenga ukuta. Tatu, na hili ndilo gumu, dereva apewe haki ya kukataa. Mzee wetu alijua matairi yalikuwa kipara. Alisema. Sisi wasomi wenye shahada ndio tuliomnyamazisha kwa kumtafutia matairi ya kuazima.

Shule ililiuza gari lile muhula uliofuata, nami sikuthubutu kuuliza lilinunuliwa na nani. Huenda mahali fulani bado linabeba watu. Mzee wetu alistaafu. Kabla ya kuondoka alinikabidhi ufunguo wa gari jipya mbele ya kamati nzima akasema, "Mwalimu, hili nalo litazeeka." Tangu siku hiyo, kila nipandapo gari la shule, kwanza huinama nikatazama matairi, kisha humwuliza dereva majimaji ya breki yalibadilishwa lini. Wengine huniona msumbufu. Cheti nakisoma mwisho.