Kamlesh Pattni na Dhahabu ya Makaratasi

Mwaka 1990 Kamlesh Pattni, kijana wa miaka ishirini na kitu, aliipelekea serikali ya Kenya pendekezo ambalo mhasibu yeyote angelisoma mara mbili. Kampuni yake, Goldenberg International, ingeuza nje dhahabu na almasi za dola milioni 50 kila mwaka. Alishirikiana na James Kanyotu, mkuu wa Special Branch, polisi wa siri walioogopwa nchi nzima. Walitaka wapewe ruhusa ya biashara hiyo peke yao, tena walipwe fidia ya asilimia 35 ya mauzo yote. Wakakubaliwa.

Kenya haina mgodi wa almasi. Dhahabu ipo kidogo, Kakamega na Migori, ya wachimbaji wadogo wanaoosha mchanga kwa karai.

Nimefanya kazi ya uhasibu maisha yangu yote, na nataka msomaji aione hesabu yenyewe, maana sakata hii husimuliwa kwa mabilioni mpaka watu wakachoka. Sheria ilimpa muuzaji wa bidhaa nje asilimia 20, kumtia moyo alete pesa za kigeni. Goldenberg ikaongezewa 15. Ushahidi wa mauzo ulikuwa makaratasi: hati ya forodha kwamba mzigo umeondoka, na fomu ya benki kwamba dola zimeingia. Lakini dola haina alama ya ilikotoka. Ukiinunua hapahapa Nairobi ukaipeleka benki kama malipo ya dhahabu, faili limekamilika. Kwa kila shilingi 100 ulizotangaza, Hazina inakulipa 35, nawe unazirudisha sokoni kununua dola nyingine. Baadaye Pattni akawa na benki yake, Exchange Bank, huku Benki Kuu ikitoa mikopo kwa mizigo ambayo haijasafirishwa bado.

Dola iliyouzwa kwa wastani wa shilingi 23 mwaka 1990 ilifika 58 mwaka 1993. Goldenberg haikuwa chanzo pekee. Wafadhili walikuwa wamekata misaada, na pesa zilichapishwa kwa wingi wakati wa uchaguzi wa 1992. Lakini sisi wa mishahara tulikuwa tukipanga bajeti ya mwezi na kuivunja wiki ya pili.

Aliyeona mapema alikuwa karani. David Munyakei alifanya kazi Benki Kuu, kwenye dawati lililopitiwa na madai ya fidia hiyo. Aliona kiasi kinacholipwa hakilingani na biashara yoyote anayoijua, akazitoa hati zikawafikia wabunge wa upinzani. Mwaka 1993 alikamatwa na kushtakiwa kwa kuvunja sheria ya siri za serikali. Kesi haikusimama, ila kazi ilikuwa imekwenda. Akahamia Mombasa, akasilimu, akaoa, akaishi bila kujulikana.

Pattni naye alibadili dini, kwa namna nyingine kabisa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 aliibuka akiwa mlokole, Brother Paul, mwenye kuhubiri hadharani. Kisha akaongoza chama cha siasa, KENDA. Simhukumu mtu kwa imani yake. Ninachokiona ni kwamba mmoja alianza upya mbele ya kamera, akiwa na mawakili wa kila aina, na mwingine alianza upya kwa kujificha, akitafuta kibarua.

Tume ya Jaji Samuel Bosire, iliyoundwa 2003 kuchunguza Goldenberg, iliwasikiliza wote wawili. Ripoti yake, iliyotolewa hadharani 2006, ilifuatilia shilingi bilioni 158 zilizozunguka kati ya kampuni na watu mbalimbali. Munyakei aliomba arudishwe Benki Kuu. Hakurudishwa. Alifariki Julai mwaka huohuo.

Mwaka 2008 Pattni aliiachia Benki Kuu hoteli ya Grand Regency, ikauzwa kwa Walibya kwa namna iliyomfanya waziri wa fedha ajiuzulu. Mwaka 2013 Jaji Joseph Mutava alisimamisha mashtaka ya Goldenberg yaliyobaki dhidi yake. Jaji huyo baadaye aliondolewa kazini, na namna alivyoishughulikia kesi hiyo ilikuwa miongoni mwa sababu. Pattni hajawahi kutiwa hatiani kwa Goldenberg.

Akarudi kwenye dhahabu, safari hii Zimbabwe. Mwaka 2023 Al Jazeera ilionyesha filamu iliyomtaja katika biashara ya magendo na utakatishaji fedha, naye akakanusha. Desemba 2024 Marekani na Uingereza zilimwekea vikwazo siku moja, zikimtuhumu kuendesha mtandao wa magendo ya dhahabu.

Sheria ya kuwalinda watu kama Munyakei imeandikwa kama mswada zaidi ya mara moja nchini Kenya, na hadi 2024 ilikuwa haijapita bungeni. Siku itakapopita, nataka ibebe jina lake.