Ngome ya Chama Hubomolewaje?

Tukisikiliza habari za siasa hatukosi kusikia neno "ngome". Ati sehemu fulani ni ngome ya chama fulani, na mgombea wa chama kingine akienda huko huchekwa hata kabla hajafungua mdomo. Katika makala haya nataka kueleza jinsi watu wa kawaida, wala si vigogo wa siasa, wanavyoingia katika ngome ya wapinzani wao na kuitwaa kiti kwa kiti. Mfano wangu unatoka Virginia, Marekani. Nimeuchagua huo kwa sababu kiti kimoja huko kiliamuliwa na bakuli. Naam, bakuli!

Kwanza tuujue uwanja wenyewe. Kila jimbo la Marekani lina bunge lake. Baraza la chini la Virginia, liitwalo House of Delegates, lina viti 100, na wajumbe wake huchaguliwa kila baada ya miaka miwili: 2015, 2017, 2019 na kadhalika. Miaka hiyo si ya uchaguzi wa rais, basi watu wengi hubaki majumbani mwao. Kabla ya uchaguzi wa Novemba 2017, chama cha Republican kilikuwa na viti 66 na chama cha Democratic viti 34. Warepublikan walikuwa wamelishika baraza hilo tangu mwaka 2000. Hiyo ndiyo ngome ninayoisema.

Lakini ngome hiyo ilikuwa na nyufa. Mwaka 2016 Hillary Clinton, mgombea urais wa Wademokrat, alimshinda Donald Trump katika maeneo 17 ambayo wajumbe wake walikuwa Warepublikan. Maana yake ni nini? Watu wa kuwapigia kura Wademokrat walikuwapo, ila wengi wao hawakuwa wakitokea siku ya kumchagua mjumbe. Tena katika baadhi ya maeneo mjumbe alikuwa akipita bila kupingwa. Utamchaguaje mtu ambaye hayupo kwenye karatasi?

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe, nayo huanza na orodha. Kule Marekani mtu aliyemchagua nani ni siri, lakini kama alikwenda kupiga kura au hakwenda si siri. Imeandikwa, na vyama huipata orodha hiyo. Waandalizi hukaa chini wakaipekua. Mwenye kupiga kura kila mara kwa chama pinzani huachwa na amani yake. Anayetafutwa ni yule anayeelekea kuwa upande wao lakini hupiga kura leo na kukosa kesho. Kisha wenye kujitolea (walimu, wastaafu, wanafunzi, akina mama wa mtaa) hupewa karatasi yenye majina na nambari za nyumba za barabara moja, nao huenda kupiga hodi Jumamosi na Jumapili. Aghalabu hakuna anayefungua. Anayefungua huulizwa ni jambo gani linalomsumbua, kisha huandikiwa nambari: 1 ni wetu kabisa, 5 ni wa upande wa pili kabisa. Siku chache kabla ya uchaguzi wanarudi kwa akina 1 na 2. Je, unakijua kituo chako? Utakwenda saa ngapi? Una usafiri?

Mtu atasema, si wangepiga simu tu wakapumzisha miguu? Mwaka 1998 wataalamu wawili wa Chuo Kikuu cha Yale, Alan Gerber na Donald Green, walilijaribu jambo hili katika mji wa New Haven. Waliwagawa wapiga kura kwa kubahatisha: wengine walitembelewa nyumbani, wengine walipigiwa simu, wengine walitumiwa barua. Waliotembelewa walijitokeza kwa wingi zaidi. Barua zilisaidia kidogo mno, na simu hazikusaidia kitu.

La kuzungumza mlangoni nalo lina uzito wake. Karibu na mji wa Manassas, Bob Marshall alikuwa mjumbe kwa miaka kama 26. Aliyemshinda mwaka 2017, Danica Roem, alikuwa mwandishi wa habari, na wimbo wake mkubwa ulikuwa msongamano wa magari katika barabara ya 28. Barabara, bwana! Mtu anayekwama njiani kila asubuhi hahitaji kuhubiriwa itikadi.

Matokeo? Wademokrat walitwaa viti 15 na kufikia 49. Si haki kusema hodi peke yake ndiyo iliyoleta hayo. Mwaka huo gavana pia alikuwa akichaguliwa, na wengi walikuwa na hasira na rais. Lakini sasa tazameni eneo la 94, mjini Newport News. Hesabu ya kwanza ilimweka David Yancey, Mrepublikan, mbele ya Shelly Simonds kwa kura 10. Zilipohesabiwa upya, Simonds akaongoza kwa kura 1. Kesho yake majaji wakaikubali karatasi moja iliyokuwa imewekwa kando: mpiga kura alikuwa ametia alama kwa wote wawili, kisha akaikata ya Simonds kwa mstari. Wakawa sawa, 11,608 kwa 11,608.

Sheria ya huko inasema basi bahati iamue. Tarehe 4 Januari 2018 majina mawili yalitiwa katika vikopo vya filamu ya kamera, vikawekwa ndani ya bakuli, na kimoja kikatolewa. Yancey! Warepublikan wakabaki na viti 51 dhidi ya 49. (Wapenzi wa lugha watakumbuka kwamba kura kwa asili ndiyo hiyo hasa ya kubahatisha, Virginia walilirudisha neno letu nyumbani bila kujua.)

Je, wale waliochakaza soli mitaani walipata hasara? La hasha! Kwa miaka kadhaa Warepublikan wa baraza hilo walikuwa wamekataa kupanua Medicaid, bima ya afya ya watu wenye kipato kidogo. Baada ya kuponea chupuchupu, baadhi yao waligeuka wakaungana na Wademokrat, na sheria ikapita mwaka 2018. Kuanzia Januari 2019 watu wapatao 400,000 walifunguliwa mlango wa matibabu. Kwa maoni yangu huo ni ushindi mkubwa kuliko kiti chenyewe, maana walioupitisha ni pamoja na wale wale waliokuwa wakiupinga.

Simonds naye alirudi uwanjani mwaka 2019, mipaka ya eneo lake ikiwa imerekebishwa kwa amri ya mahakama, akamshinda Yancey bila haja ya bakuli. Wademokrat wakalitwaa baraza, viti 55 kwa 45. Mwaka 2021 Warepublikan nao wakapiga hodi zao, wakalirudisha kwa 52 dhidi ya 48. Na mwaka 2023 likawaponyoka tena, 51 kwa 49.